Mfumuko wa Bei na Tumbo la Katekista

Najua mnaicheka ile kola. Mmeicheka mbele yangu, na nina hakika nikitoka mnaicheka zaidi.

Ukutani kwenye karakana yetu ya ushonaji hapa Kimisagara kuna misumari kumi na kitu, na kila msumari una karatasi zake za kukatia: mikono, mabega, mifuko, viuno. Zote ni karatasi za kaki za juzijuzi, isipokuwa moja. Ni kola ya shati la kiume, imekuwa ya rangi ya chai, na katikati yake kuna herufi za taipu: AMECHAGU. Baada ya hapo pinda la shingo linalikata neno.

Siku moja nilimsikia mmoja wenu akimweleza mteja, "Hiyo iko patoro ya caguwa. Muzehe alikuwa naandika, hii ya caguwa, hii ya kitambaa mupya." Mteja akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Patoro ni karatasi ya kukatia, Muzehe ni mimi, na caguwa ni nguo za mitumba, kila mtu Kigali anazijua, na neno lenyewe ni "chagua" yetu ya Kiswahili iliyovikwa Kinyarwanda. Kwa hiyo kijana yule hakukosea kwa mbali. Lakini alikosea.

Nitawaambia kola hiyo ilitoka wapi. Ila itabidi tupitie chuoni kwanza, kwa sababu watatu kati yenu mmejiandikisha masomo ya Jumamosi na Jumapili, na nimesikia mnavyolitaja lile somo la makro, uchumi wa nchi nzima, kama mnataja ugonjwa. Mimi lilinishika nikiwa na mvi. Kaeni niwaambie lilivyoniachia.

Kwanza mjue nilivyoanza kushona, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nilifeli.

Mimi ni mtoto wa Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Ngara, upande wa Tanzania. Baba alifariki nikiwa darasa la saba. Miezi minane baadaye akafuata mama. Niliachiwa wadogo watatu, na wa mwisho, Konsolata, alikuwa hajaota hata meno ya mbele. Mwezi huohuo mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa barua. Ilikuwa karatasi nene, nyeupe, yenye muhuri. Ilisema jina langu kamili, kisha ikasema kwamba amechaguliwa kujiunga na shule ya sekondari. Nilisoma barua ile njiani mara tatu. Nilipofika nyumbani nilimkuta Konsolata analia njaa, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwa Mzee Rashidi, fundi cherehani wa barabara ya soko, nikamwomba kazi. Alinitazama mikono, akasema, "Vidole virefu. Haya, kaa." Siku ya tatu akanituma, "Nitafutie karatasi ngumu, nikukatie kola ya mfano. Gazeti linachoka upesi."

Nyumbani hatukuwa na karatasi ngumu ila moja.

Niliileta. Mzee Rashidi alisoma vizuri sana herufi za Kiarabu, lakini za kizungu hakuzijua. Aliigeuza, akaipenda kwa unene wake, akachora kwa chaki, akanipa mkasi. "Kata wewe mwenyewe. Mkono usitetemeke kwenye pinda." Nilikata mimi mwenyewe. Kwenye pinda mkono haukutetemeka, na kola ilikaa vizuri kiasi kwamba nimeitumia maisha yangu yote.

Aliambiwa baadaye na mwanawe ni karatasi gani ile. Kisha akaitundika kola juu ya cherehani yangu, akawaambia mafundi wengine, "Hii ni ya Sosteni. Asiiguse mtu."

Wadogo zangu walipokua wakaanza kuniuliza kwa nini mimi sikuendelea na shule. Niliwaambia nilifeli. Lilikuwa jibu fupi na lilitosha. Mtoto akijua umeacha shule kwa ajili yake, ugali haumpiti vizuri kooni. Basi nikawa kaka aliyefeli, na wakasoma wote watatu. Baadaye tulihamia Kigali, mimi nikiwa nimebeba kichwa cha cherehani kwenye gunia, na Konsolata akawa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa anakaa Batsinda, na anawafundisha watoto wa watu kwa ukali uleule anaonifundishia mimi.

Kabla sijafika chuoni, niwape mambo ya kazi kidogo, maana sitaki mseme Muzehe amezeeka anaongelea vitabu tu. Kitambaa cha pamba kiloweke kabla hujakikata, hata mteja akikuharakisha. Kikishaoshwa kwake kitapungua, na atakayelaumiwa si kitambaa. Mteja akikuonyesha picha ya gauni kwenye simu, usilitazame gauni, mtazame yule aliyelivaa, kisha mtazame mteja, na uongee kwa upole. Zamani mteja alikuwa anakuja na kitambaa na imani. Siku hizi anakuja na picha. Na ndani ya mshono wa koti acheni vidole viwili vya kitambaa, si kimoja. Hilo la vidole viwili likumbukeni, nitalirudia.

Ni Konsolata aliyenipeleka shule. Alikuja hapa karakana siku moja na fomu mkononi, akaiweka juu ya suruali niliyokuwa napiga pasi.

"Kaka, sisi wote tumemaliza. Sasa wewe."

"Mimi nina miaka hamsini na ushee."

"Sikukuuliza miaka. Nimekuuliza kama una kalamu."

Nikafanya mtihani wa sekondari nikiwa mtahiniwa wa nje, nikiwa nimekaa na watoto ambao ningeweza kuwa nimewashonea sare za chekechea. Ilinichukua miaka. Kisha chuo kimoja hapa mjini kikanipokea kwenye masomo ya mwisho wa wiki. Kila kitu kilikwenda taratibu lakini kilikwenda, mpaka tulipofika kwenye utangulizi wa makro.

Mwalimu wetu aliitwa Godfrey. Alikulia Uganda, Kiingereza chake kilikuwa kinatiririka, na Kiswahili chake, kama alivyosema mwenyewe, kilikuwa cha kununulia ndizi, kwa hiyo maneno yake nawapa kwa Kiswahili changu. Sote tulimwita Mwarimu, kwa ile r ya Kinyarwanda. Pembeni yangu alikaa binti mmoja, Aline, aliyekuwa akitengeneza simu wakati wa wiki. Alikuwa na ulimi mkali na daftari safi.

Siku ya kwanza Mwarimu alituchorea mistari miwili ubaoni, mmoja unashuka, mmoja unapanda, akasema tuichore. Wenzangu wakachora kwa mkono. Mimi nilikuwa na rula yangu begini, ile iliyopinda ya kukatia nyonga za sketi. Nikachora mstari mzuri kuliko wote darasani. Aline akachungulia.

"Muzehe we! Hii laini yako iko na kiuno."

"Ni mahitaji ya nchi nzima."

"Basi hiyo nchi iko nayenda kucheza harusi."

Darasa likacheka mpaka Mwarimu akaja kuangalia. Alitazama, akakaza uso, akasema, "Muzehe, ni mzuri. Lakini uchumi hauna makalio." Tangu siku hiyo waliniita Fundi.

Nisiwadanganye, kuna siku nilifurahi. Mwarimu aliuliza tutajuaje kwamba uchumi unakua kabla serikali haijatangaza. Watu wakataja ripoti. Mimi nikanyoosha mkono nikasema: magoti ya ovaroli. Nilikuwa nashonea mafundi wa ujenzi wa Kinyinya. Kazi ikiwa nyingi, msimamizi anakuja kuagiza ovaroli mpya ishirini kwa mara moja. Kazi ikipungua, wanakuja mmoja mmoja na ovaroli ya zamani, wanataka kiraka cha goti. Mimi nikiona magoti yanaongezeka mezani, najua, hata kabla redio haijasema. Mwarimu akageuka akaandika ubaoni neno moja, "magoti", na chini yake akaandika jina la kitabuni la jambo hilo. Nililinakili kwa fahari. Jina lenyewe nimelisahau. Magoti sijayasahau.

Kosa langu lilianzia mahali pengine, kwenye neno nililolijua vizuri kupita kiasi.

Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi kila jioni ya Jumamosi nilikuwa nayahamishia kwenye daftari langu la Kiswahili. Tulipofika kwenye somo la bei kupanda nchi nzima, sikuhitaji kamusi. Jina lake nilikuwa nalijua tangu utotoni. Mzee Rashidi alikuwa na redio ya betri kwenye kibaraza, na mtangazaji alikuwa akisema mara kwa mara, mfumuko wa bei, mfumuko wa bei. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya redio ile nafumua suruali za watu. Kwa muda mrefu nilidhani mtangazaji anatuongelea sisi. Kwani kufumuka si kazi yetu? Mshono ukiachia, umefumuka. Nikaelewa hivyo: kuna mshono mkubwa unaoshika bei zote mahali pake, na siku ukiachia, bei zinatanuka.

Mwarimu alisema jambo hilo si bei ya sukari peke yake, ni bei kwa ujumla. Hilo nililielewa haraka. Uzi mmoja ukikatika si mfumuko. Mfumuko ni pale mshono unapokimbia wote. Nilimweleza hata Aline, akaandika. Nilikuwa nimeshaanza kujiona bingwa.

Kwenye mtihani likaja swali la nchi ya kubuni. Mwaka wa kwanza mfumuko wa bei ulikuwa kumi kwa mia. Mwaka uliofuata ukapungua ukawa nne kwa mia. Eleza kilichotokea kwa bei, kisha kwa mishahara, kisha kwa mwenye akiba. Maswali matatu yamefungamana, na la kwanza ndilo linalobeba mengine.

Nilitabasamu. Mfumuko umepungua, maana yake mshono umeanza kushonwa. Mshono ukishonwa, kitambaa kinarudi mahali pake. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha viraka kwamba bei zimeshuka. Kisha nikajenga mishahara juu ya hilo, na akiba juu ya mishahara, kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri.

Nilipata sifuri katika yote matatu. Na kwa sababu hiyo nilifeli somo.

Chuo kilikuwa na kanuni: ukifeli somo la msingi unarudia mtihani mara moja. Ukifeli tena, unaacha. Hakuna barua ya kuomba, hakuna umri, hakuna mvi.

Nilimwendea Mwarimu ofisini kwake na karatasi yangu.

"Mwarimu, hapa umenionea. Mfumuko umepungua. Kutoka kumi mpaka nne."

"Umepungua, ndiyo. Lakini bei bado zinapanda. Zinapanda polepole."

"Umepungua, na bado zinapanda?"

"Muzehe, gari linakwenda mbio. Unakanyaga breki kidogo. Linarudi nyuma?"

"Mimi sina gari."

Alicheka, akavua miwani. "Sawa, sahau gari. Bei ikishapanda, kwa kawaida hairudi. Mwaka unaofuata inaanzia pale ilipofika. Kinachopungua ni ule mwendo wa kupanda."

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nililikariri jibu kama mtoto anavyokariri sala ya lugha asiyoijua, na kila nilipotaka kuliamini, vidole vyangu vilikataa. Vidole vilijua kwamba kilichofumuka kinashonwa, na kikishonwa kinarudi.

Konsolata alikuja kunipa pole. Alileta ndizi na chai kwenye chupa, akakaa pale kwenye stuli ya wateja. Ni mtu mwema, na alichosema alikisema kwa wema.

"Kaka, usijitese. Labda mambo ya shule hayakuwa yako tangu Ngara. Si hata kule ulifeli? Na umetusomesha hivyohivyo. Sisi tunakuheshimu hivyohivyo."

Nikaendelea kupiga pasi. Nilipiga pasi mahali palepale mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kuungua.

Mnanielewa? Nilikuwa nimedanganya jambo dogo miaka arobaini iliyopita ili watoto wapate kula kwa raha. Sasa uongo ule ulikuwa umebakiza mtihani mmoja tu ili uwe kweli. Ningefeli mara ya pili, ningekuwa kaka aliyefeli, kweli kabisa, kwa muhuri wa chuo. Na hata kama ningetaka siku moja kusema ukweli, nani angeniamini? Ingeonekana mzee anajitetea.

Nilitaka kuacha kabla hawajaniacha. Sikuacha, lakini si kwa ushujaa. Mimi sijui kuacha kitu nilichokwisha kukikata. Ndivyo nilivyo, hata nguo ya mteja aliyehama nitaimalizia vifungo.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Akaja msimamizi mmoja wa ujenzi, mteja wangu wa Kinyinya, na koti lake la suti. Mshono wa mgongoni ulikuwa umeachia kuanzia kiunoni hadi karibu na shingo. Miaka mitano nyuma nilikuwa nimemshonea mimi mwenyewe, akiwa mwembamba.

"Fundi, nina harusi Jumamosi. Rudisha tu hapo lilipokuwa."

Nikaliweka koti chini ya sindano, kwenye mstari uleule wa zamani. Matundu ya sindano ya kwanza yalikuwa yanaonekana, safu nzima, yamenyooka. Nikaweka mguu kwenye pedali. Na hapo nikamsikia Mzee Rashidi, marehemu, kama vile amekaa nyuma yangu.

Ilikuwa kule Ngara, nikiwa na mwaka mmoja tu kazini kwake. Katekista wa parokia yetu, mtu mnene mwenye sauti nzuri, alileta suruali iliyopasuka nyuma. Mzee Rashidi hakuwepo. Nikaishona haraka, mstari uleule, nikapitisha uzi mara mbili ili usiachie tena. Jumapili katekista akasimama mbele ya waumini wote, akaimba, akapiga magoti. Suruali ilisikika mpaka viti vya nyuma. Waliokuwepo wanasema alimaliza sala akiwa amepiga magoti vilevile, hakuthubutu kuinuka, na watu wakadhani amepata neema.

Jumatatu Mzee Rashidi alinyoosha suruali ile mbele yangu.

"Umefanya nini hapa?"

"Nimeurudisha mshono mahali pake."

"Mshono umeurudisha. Na tumbo la katekista, umelirudisha?"

Akaipindua suruali.

"Nguo haikufumuka kwa sababu uzi ni mbovu. Imefumuka kwa sababu mtu amenenepa. Hatarudi kuwa mwembamba kwa ajili yako. Hapa," akanionyesha ndani, "ndiyo maana tunaacha vidole viwili. Unautoa mshono nje, unapiga mstari mpya pale mwili ulipofika. Ule wa zamani umekwisha kazi. Unazuia tu usiendelee kupasuka."

Niliondoa mguu kwenye pedali. Koti la msimamizi lilikuwa bado limekaa chini ya sindano. Bei hairudi, alisema Mwarimu, inaanzia pale ilipofika. Mwaka wa kwanza katekista amenenepa sana. Mwaka wa pili amenenepa kidogo. Kunenepa kumepungua. Tumbo halijapungua!

Nilicheka peke yangu. Jirani yangu wa mashine ya pembeni aliuliza, "Muzehe, koti limekufanyia nini?"

Niliambiwa jambo lile nikiwa na miaka kumi na mitano, kwa Kiswahili, na mtu asiyejua kusoma herufi za kizungu, na nililifuata kwenye nguo maelfu. Sikuwahi kufikiri kwamba ndilo nililoulizwa chuoni. Nikautoa mshono wa koti nje kwa vidole viwili, nikapiga mstari mpya. Msimamizi alicheza kwenye harusi na halikuachia.

Jumamosi, wakati wa mapumziko, nilimchorea Aline matumbo matatu ya katekista: mwaka huu, mwaka ujao, mwaka wa tatu. Nilitumia rula ya nyonga.

"Hapa amenenepa kumi. Hapa amenenepa nne. Je, amekonda?"

"Oya, hapana. Iko mnene kushinda mwaka ya kwanza."

"Suruali ya mwaka wa kwanza itamwingia?"

"Haiwezi, Muzehe."

"Huo ndio mshahara ambao haukuongezwa."

Aline akaishika kalamu yake hewani. "Mana yanjye," akasema, yaani Mungu wangu. "Na mwenye aliweka akiba?"

"Ni yule aliyenunua kitambaa cha suruali mapema akakifungia sandukuni, cha kipimo cha zamani."

Akaita wenzake. Mpaka kengele inalia nilikuwa nimezungukwa na watu tisa, na mmoja wao alikuwa anauliza kama katekista hawezi kuacha kula. Nikamwambia inawezekana, bei zikashuka kweli, lakini hiyo ni hali nyingine, ina jina lake na hatari zake, na mgonjwa anayekonda ghafla hatumpongezi. Hilo nalo lilikuwa kwenye kitabu. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi bila kuliona.

Mtihani wa marudio nilifanya nikiwa na watu wachache kwenye chumba kikubwa. Swali lilikuja likiwa limebadilishwa nguo tu: nchi nyingine, tarakimu nyingine. Niliandika polepole. Mahali fulani Kiingereza kikaniishia, nikaandika kilichokuwepo kichwani, kisha muda ukaisha.

Wiki mbili baadaye Mwarimu aliniita. Alikuwa na karatasi yangu mezani na uso mzito. Niliketi ukingoni mwa kiti.

"Muzehe Sosteni. Hapa umeandika sentensi moja, nimeisoma mara nyingi. Umeandika: tumbo la katekista halirudi."

"Ndiyo, Mwarimu."

"Huyu Katekista ni nani? Ni mwanauchumi? Nimemtafuta kwenye vitabu viwili."

Sikujua nicheke au niombe radhi. Nikamweleza, suruali, magoti, kanisa, vidole viwili, yote. Kabla sijamaliza alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika, miwani imeanguka kwenye chai. Aliponyanyuka alifuta macho, akanisukumia karatasi. Nilikuwa nimefaulu. Si kwa alama nyingi, mstari ulikuwa karibu sana na mguu wangu. Lakini nilikuwa upande wa juu.

"Nitamtumia mwaka kesho darasani," akasema. "Huyo katekista wako."

Konsolata alikuja karakana jioni ileile akiwa bado na chaki mikononi. Nilimpa karatasi ya chuo, akaisoma amesimama, kisha akaisoma tena amekaa. Akapiga kigelegele ambacho watu wa chini barabarani walikisikia. Akasema lazima iwekwe ukutani, akaanza kutafuta msumari, na misumari yote ilikuwa na karatasi. Ndipo akaishusha kola.

Ameiona kola ile tangu anatambaa. Hakuwahi kuisoma. Hakuna anayesoma karatasi ya kukatia. Lakini siku ile alikuwa na karatasi nyingine mkononi, ya taipu, yenye muhuri, yenye jina langu, na nadhani ndiyo iliyomfungua macho. Aliigeuza kola dirishani. Juu ya lile neno, pembeni kabisa, kuna herufi za mwisho za Sosteni.

"Kaka. Amechagu nini?"

Nikaendelea kufunga uzi kwenye bobini.

"Amechaguliwa," akasema mwenyewe, polepole, kama anavyowasomesha watoto wake. "Ulichaguliwa. Hukufeli."

"Ilikuwa karatasi ngumu. Gazeti linachoka upesi."

Alikaa kwenye stuli ya wateja, kola mapajani, na akalia vile alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi, bila kujificha. Nilimwacha. Kisha akafuta uso kwa kiganja chenye chaki, akawa mweupe kama mwenye kupakwa unga, akatoa kalamu na kipande cha karatasi begini.

"Nipe gundi. Naliunganisha neno. Naandika liwa, nabandika hapa kwenye pinda."

"Usibandike."

"Kwa nini?"

"Ukiongeza karatasi kwenye pinda, kola haitakaa shingoni. Hapo ndipo mahali pake pa kukatwa."

Akapitisha kidole kwenye lile pinda, toka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akainuka akairudisha kwenye msumari wake, na karatasi ya chuo akaitundika msumari huohuo, nyuma yake, ambako hamjawahi kuiona kwa sababu hamfunui.

Kwa hiyo si ya caguwa. Itumieni. Ni saizi ya shingo ya mtu wa kawaida, kwa mwenye shingo nene ongezeni nusu kidole pande zote mbili, si upande mmoja. Mkimaliza, irudisheni msumarini.